Mama Yako Anaitwa Nani?

Ndugu na jamaa wakisikia naishi Brazil, kila mmoja ananiona Copacabana: miguu mchangani, dafu mkononi, ngoma inalia nyuma yangu. Wenye kijicho hunyamaza. Wenye huruma huniuliza kama nalala usingizi, na zile risasi wanazoziona kwenye filamu. Brazil ina watu zaidi ya milioni 200 na wengi wao hawajui hata nauli ya kwenda Rio ni kiasi gani. Mimi ni mmoja wao. Naishi Cachoeira, mji wa wakazi kama 30,000 jimboni Bahia, zaidi ya kilomita 100 kutoka Salvador, ukingoni mwa mto Paraguaçu. Hapa kinachoniamsha ni mayai. Tutafika huko.

Kilichotuleta ni masomo ya mke wangu, aliyepata nafasi chuo kikuu. Kilichotubakisha ni kodi. Orofa nzima ya juu ya nyumba ya kale, vyumba vitatu, madirisha ya mbao yanayotazama mto, reali 700 kwa mwezi. Nilipomtajia binamu yangu aliyeko Dar es Salaam, alidhani nimekosea sufuri. Lakini usiende kumwambia muuza samaki wetu kwamba hiyo ni bei ya bure. Kima cha chini cha mshahara Brazil mwaka 2025 kilikuwa reali 1,518, na kwa wengi mtaani hapa hicho kima cha chini ndicho dari yao. Mji unaitwa nafuu na yule ambaye pesa yake imetoka kwingine.

Tena ipo gharama isiyoandikwa kwenye mkataba. Wewe unapanga nyumba, mtaa nao unakupanga wewe. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, ambako ukinunua nusu kilo ya nyama badala ya kilo, mama yako anaulizwa kulikoni kabla hujafika nyumbani. Nilidhani kuvuka bahari ya Atlantiki kungetosha.

Mwenye nyumba wetu ni mjane wa miaka sabini na kitu, anaishi chini yetu. Mtaa mzima humwita Dona, nami namwita hivyo hivyo. Sakafu yetu ni ya mbao, na hiyo sakafu ndiyo dari yake, kwa hiyo tukidondosha sindano yeye hujua ya ukubwa gani. Siku tuliyohamia alitupandisha kutuonyesha bafu. Maji ya moto Brazil, kwa mamilioni ya watu, hayatoki kwenye tangi. Yanachemshwa palepale kwenye kichwa cha bomba la mvua, kwa waya za umeme zinazoingia humo huku wewe umesimama chini yake umelowa. Waya zetu zilikuwa zimefungwa utepe mweusi. Dona akanipa masharti mawili: vaa ndala, na usiguse bomba ukiwa na maji mwilini. Nikamuuliza nitalifungaje nikimaliza kuoga. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa taulo, mwanangu." Alfajiri ya kwanza niliyoamka kutawadha nilipigwa shoti iliyonifanya nitaje jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ambayo Dona, huko chini, aliijibu kwa amina.

Sasa, mimi ni mtunza hesabu. Kazi yangu iko Tanga, kwa watu wanaoshughulika na mizigo bandarini, naifanya kwa kompyuta. Ofisi ikifunguliwa kule saa mbili asubuhi, Cachoeira ni saa nane usiku. Naamka, naburuta kiti, nafanya kazi mpaka saa nne asubuhi ya hapa, halafu nalala. Alasiri utanikuta roshani, kikoi kiunoni, kikombe cha chai ya rangi mkononi, nangojea mke wangu arudi chuoni. Weka maelezo hayo mbele ya mtaa wowote duniani, halafu uulize mtaa umeelewa nini.

Mtaa ulielewa kwamba Mwafrika wa Dona hana kazi, analishwa na mke, na aibu inamnyima usingizi. Dona alikuwa na ushahidi: kila usiku wa manane anasikia miguu inatembea. Jioni moja akanipandishia birika la mchaichai, dawa ya Wabahia kwa mtu aliyekosa usingizi, akasimama mpaka nikamaliza. Dawa ilifanya kazi. Taarifa ya mwisho wa mwezi ilichelewa, na bosi wangu hakupendezwa na habari za mchaichai.

Baada ya hapo akaja mpwa wake, jitu la mabega mapana, kunichukua nikapakue kreti za ndizi sokoni. Malipo kila jioni, taslimu. Nilimshukuru nikamweleza kwamba nina kazi. Kwa Kireno nilichokuwa nacho wakati ule, maelezo yalitoka hivi: nafanya kazi usiku, na Afrika, mizigo, bandarini, kwa kompyuta, pesa inakuja. Alinitazama, akateremka ngazi taratibu bila kuaga. Tangu siku hiyo vijana wa kona ya pili huniamkia kwa heshima ambayo sikuitafuta.

Hizo saa, ngoja nizieleze vizuri, maana zimetuponza. Bahia iko nyuma ya Tanga kwa saa 6 kamili mwaka mzima. Saa zetu Waswahili nazo zimepishana na za Mzungu kwa saa 6 kamili. Fanya hesabu. Saa ya ukutani sebuleni kwangu ikionyesha 2 mchana, Tanga ni saa mbili usiku. Ikionyesha 9 asubuhi, Tanga ni saa tisa alasiri. Yaani saa niliyoinunua Cachoeira, bila kuambiwa na mtu, inasema saa za nyumbani kwa mama. Mke wangu aliiona hiyo kuwa baraka. Mimi pia, mpaka siku ya miadi ya kujiandikisha kule Salvador. Yeye ndiye aliyeshughulika na tovuti, akaninakilia kwenye karatasi ya mlango wa friji: "Saa 9." Mtu na mkewe, wote wa Tanga, wamesoma karatasi moja. Mimi nikafika saa tisa alasiri, nimechana nywele, nimevaa viatu vya ngozi. Nafasi yangu ilikuwa imepita tangu saa tatu asubuhi. Kesi ya nani kakosea imesikilizwa mara nyingi mezani kwetu na haijatolewa hukumu.

Mama naye ana saa yake moja tu. Akimaliza kufagia uwanja, saa moja asubuhi, huchukua simu. Hapa ni saa saba usiku. "Umelala?" huniuliza, kwa mshangao wa kweli, kila mara.

Mama ndiye nguzo ya maisha yangu Brazil kuliko mnavyodhani. Katika nchi hii huwezi kuishi bila CPF, namba ya mlipa kodi yenye tarakimu 11. Bila hiyo huna laini ya simu wala akaunti ya benki, na bila akaunti huna Pix, mfumo wa kutuma pesa kwa simu ambao Benki Kuu yao iliuanzisha Novemba 2020 na ambao sasa hata muuza dafu anautumia. Miezi ya mwanzo, kabla mambo hayajakaa sawa, nilisimama mbele ya muuza samaki na noti ya reali 100 ambayo hakuwa na chenji yake. Akanionyesha kibao cha Pix. Fahari ikanipanda, nikamweleza kwamba sisi Afrika Mashariki mambo hayo tulianza na M-Pesa Kenya tangu 2007, wao wakiwa bado wanapanga foleni benki. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Vizuri," akasema. "Basi lipa." Samaki nilikopeshwa. Kwenye daftari lake nimeandikwa "Afrika", bara zima, na deni la reali 38.

Namba ya CPF huulizwa hata duka la dawa, ukinunua vidonge vya kichwa. Kuitaja kwa Kireno ilinishinda, lakini msichana wa duka aliikariri, akawa ananitajia yeye. Siku moja alikuwa likizo. Keshia mgeni akaniuliza, nikakwama tarakimu ya nne. Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanimalizia.

Baada ya namba huja swali la pili, dirisha lolote utakaloliendea: mama yako anaitwa nani? Baba anaweza kurukwa. Mama harukwi. Majina yanafanana mno Brazil, na jina la mama ndilo linalomtenga mtu mmoja na mwenzake. Zahanati wanamtaka, benki wanamtaka, msajili anamtaka. Mama yangu hajawahi kupita Dodoma kwenda mbele, lakini Cachoeira hakuna kaunta asikojulikana. Nilipomweleza habari hii alinyamaza kidogo simuni, kisha akasema, "Wananitakia nini?"

Tuje kwenye kisamvu. Jumamosi moja sokoni harufu ilinikamata shingoni. Sikuhitaji kuuliza; pua ya mtu wa Tanga haidanganyiki kwa jani la muhogo. Wao hukiita maniçoba, na hapa Recôncavo, eneo hili linaloizunguka ghuba ya Salvador, ni chakula cha heshima. Nikamuuliza mama wa kibandani kama kuna nguruwe. "Kidogo tu," akasema, kwa kunitia moyo, akazamisha upawa. Ulipopanda, juu yake kulikuwa na sikio. Sikio zima, limetega.

Nikaapa nitajipikia mwenyewe. Nazi Bahia si tatizo, karanga zipo, hata mawese yapo, yaleyale ya Kigoma, wao huyaita dendê na bila hayo hawawezi kukaanga kitu. Majani yaliyosagwa niliyapata ng'ambo, São Félix, mji mwenzetu upande wa pili wa mto. Kwenda na kurudi ni kwa daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1885, ambalo treni, magari na waenda kwa miguu wote hupita humo humo, magari kwa zamu. Ukivuka na mfuko wa nailoni mkononi, mfuko huo unakaguliwa na wakazi wa miji miwili. Mimi siku ile sikulifikiria hilo. Nilikuwa nawaza tui.

Nikabandika. Saa mbili baadaye kikawa kimeiva kwa kanuni zote nilizorithi, nikaonja vijiko viwili vya furaha. Mlango ukagongwa. Dona.

"Mwanangu, hayo majani yameanza kuchemka lini?"

"Tangu saa tisa."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Akajishika kifua, akaketi kwenye ngazi.

Maniçoba, alinieleza alipopata pumzi, huchemshwa mchana na usiku kwa siku nyingi, wengine wiki nzima, maji yakiongezwa na kuongezwa mpaka majani yanageuka meusi, kwa sababu muhogo una sumu, na mtu mwenye akili hachezi nayo. Nikamwambia sisi kwetu tunatwanga, tunachemsha, tunakula, na tupo. Lakini hapohapo nikakumbuka kwamba kwetu tunajua shamba la muhogo mtamu ni lipi na la muhogo mchungu ni lipi. Haya majani yalikuwa ya muhogo gani? Muuzaji hakusema. Ghafla ulimi ukawa mzito. Dona akanimiminia glasi mbili za maziwa, moja kwa kila kijiko, akavuta kiti akakaa kunitazama, na ninaamini alikuwa akifikiria pia nani atalipa kodi ya mwezi unaofuata.

Nusu saa haikupita, mlango ukagongwa tena. Mtumishi wa afya wa mtaa, kipimo cha presha begani. Tangu katiba ya 1988 matibabu ya umma Brazil ni haki ya kila mtu na hayalipiwi, mgeni akiwemo, na watumishi hawa hupita nyumba kwa nyumba. Lakini yeye zamu yake ya mtaa wetu haikuwa siku ile. Mtu fulani darajani aliuona mfuko, akamwambia. Alinipima, akanimulika machoni, akakagua na ndoo zangu za maji kama zina viluwiluwi vya mbu wa dengue, maana ameshafika. Halafu akatoa fomu, akatoa kalamu. Mnajua alichouliza.

Sikufa. Sufuria iliendelea kuchemka siku nne kwa amri ya Dona, na nyumba nzima ilinuka Tanga.

Na sasa mayai. Miji ya ndani ya Brazil hutangaziana mambo kwa gari lenye vipaza sauti. Mauzo, mikutano, na misiba pia: fulani amefariki, maziko saa fulani. Asubuhi ya mwanzo kabisa nilisikia sauti nzito ya kiume inapita taratibu, inarefusha maneno, na muziki wa huzuni chini yake, au niliouona mimi kuwa wa huzuni. Nikatoka roshani, nikafunga vifungo vya shati, nikainua mikono kumwombea marehemu. Gari likapita. Lilikuwa limepakia trei za mayai, mayai 30 kwa bei ya kutupa. Dereva alinikuta nimefumba macho, viganja juu. Mpaka leo akifika chini ya roshani yangu hupunguza mwendo na kupiga honi mara mbili. Wiki chache baadaye nikasikia sauti ileile. Safari hii nilijua. Nikateremka mbio na sufuria na noti ya reali 20, nikawapita majirani waliosimama milangoni wamevua kofia.

Mengine niyapite haraka. Nilitoka kwenda kununua mkate nimevaa jezi yangu ya Yanga, njano na kijani, na mtaa ukanigeuka. Dona alifunga dirisha. Mtu nisiyemjua alinikumbatia mbele ya duka la mikate akaniambia maneno ya moto kuhusu taifa. Rangi hizo, ambazo ni za timu yao ya taifa, wafuasi wa Jair Bolsonaro walikuwa wamezifanya sare yao, na Bahia ilimpa mpinzani wake, Lula, zaidi ya asilimia 70 ya kura katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2022. Nilijitetea kwamba hii ni klabu ya Dar es Salaam, imeanzishwa 1935, haina mgombea. Hakuna aliyenielewa. Nikamwomba binamu anitumie jezi ya Coastal Union, wana wa nyumbani, nyekundu. Nyekundu ni rangi ya chama cha Lula. Mkate wa kwanza baada ya hapo sikuulipia.

Tena sura yangu hapa haimshtui mtu, maana Cachoeira ni mji wa watu weusi. Mpaka nifungue mdomo mimi ni mtoto wa mji. Agosti, kwenye sikukuu ya Boa Morte, udugu wa akina mama weusi ulioanza karne ya 19, huja watalii kutoka Marekani, wengi wao weusi pia, kutafuta asili yao. Mmoja alinipiga picha mlangoni kwa heshima kubwa, akauliza kupitia kwa kiongozi wake ukoo wangu umekaa mtaa huu tangu lini. Nikamjibu kwa Kiingereza: tangu Machi. Alimtazama kiongozi wake kwa namna ya mtu anayetaka kurudishiwa pesa.

Lakini Juni. Juni ndiyo iliyonifikisha kwa mama. Sikukuu ya São João, Mtakatifu Yohana, huku kaskazini-mashariki mwa Brazil ni kubwa kupita maelezo: moto huwashwa mbele ya nyumba usiku wa tarehe 23, mahindi huchomwa, na watu huzunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza kama São João amepita hapa. Jibu ni kumiminiwa pombe tamu ya matunda, na Cachoeira imejijengea jina kwa pombe hiyo. Mimi sinywi. Kukataa nako ni kumtusi mtu mlangoni pake. Basi majirani wakaona watanisaidia kwa kuniletea chupa nzima, ninywe kwa nafasi yangu. Nilizipanga juu ya kabati la jikoni: ya matunda ya jenipapo, ya pasheni, ya ukwaju, ya karanga.

Jumapili, saa ya ukutani ilipoonyesha 2 mchana, mama akavunja kawaida yake akapiga simu ya video. Tuliamkiana. Akaniuliza afya. Kisha akaniomba nisogee pembeni kidogo. Nikasogea. "Si huko," akasema. "Huko ulikokuwa unaziba."

Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia alipoingia Dona, bila hodi, akanibusu shavu hili na lile kama ilivyo desturi ya Bahia, akaona kuna mama kwenye simu, akaibusu simu. Mama alijirekebisha ushungi. "Huyu ndiye anayekunywesha?" akauliza. Dona hakujua Kiswahili, lakini alijua ameulizwa yeye, akatabasamu kwa meno yote na kuinua glasi aliyokuja nayo.

Nilidhani uhusiano wa kimataifa umeishia hapo. Kumbe ndipo ulipoanza. Tangu siku hiyo kila Jumapili Dona hupanda saa ileile, huketi kwenye kiti changu, na mimi hushika simu. Hawana lugha moja, hawaihitaji. Mama humwonyesha kuku wake, Dona humwonyesha vidonge vyake vya presha. Siku moja mama alionyesha sufuria ya kisamvu, Dona akakitambua, akapiga yowe, akauliza kwa mkono kinachemshwa kwa muda gani. Mama akainua vidole viwili. Dona akainua saba. Mama akatikisa kichwa, akasisitiza viwili. Dona akasisitiza saba. Mmoja alikuwa anahesabu saa, mwingine siku, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kuamua niliona ni salama kunyamaza.

Kibali changu cha kuishi nchini kikafika hatua ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa, vimetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, vina mihuri, vina saini zilizothibitishwa kuwa ni saini. Karani, mtu mpole sana, akaviweka sambamba kwenye kioo cha kaunta, akaweka kidole kwenye kimoja, kidole kwenye kingine. Kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la mama limeandikwa kwa kh. Kwenye cha ndoa, kwa h tupu. Hawa ni wanawake wawili, akasema. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili nisiaibike mbele ya watu, ni yupi aliyenizaa.

Dona alikuwa amenisindikiza. Aliinuka kwenye benchi akatangaza kwamba mama huyo anamfahamu, wanaonana kila Jumapili, ni mmoja, anafuga kuku, na kisamvu hajui kukichemsha. Karani alimsikiliza kwa adabu. Sheria haina kisanduku cha ushahidi wa namna hiyo. Ikatakiwa hati ya kiapo kutoka Tanga.

Mama akavaa buibui jipya akaenda kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye. Hati ikaja kwa kampuni ya vifurushi, kwa gharama iliyoizidi kodi ya mwezi ya nyumba yetu hii ya bei nafuu. Nikaifungua mbele ya karani. Mambo yote yalikuwa sawa, kh ipo, h ipo, maelezo ya kisheria yamepangwa vizuri. Ila aliyechapa, mahali alipotakiwa kuandika jina la mwapaji, aliisahau i ya mwisho. Karani akaweka karatasi ya tatu kando ya zile mbili. Hakusema kitu. Dona ndiye aliyesema, na maneno yale sitayaandika hapa.

Hati ya pili ilikuja sahihi, na kadi ikatoka. Kadi ya mkazi mgeni huchapwa majina ya wazazi, nikaipiga picha nikamtumia mama. Alijibu saa moja asubuhi, saa saba usiku ya hapa: "Mbona wameniandika kwa h?"

Kwa hiyo wewe uliyesoma mahali fulani kwamba miji midogo ya Brazil ina kodi ndogo na madirisha yanayotazama mto, na umeanza kupiga hesabu, habari hizo ni za kweli. Njoo. Lakini kabla hujakata tiketi, toa vyeti vyako vyote, uvipange mezani, umwite mama yako avae miwani asome jina lake kwenye kila kimoja, herufi moja moja. Ndala utanunua huku.